Khanga za sandukuni: shajara ya kipupwe, Kigamboni

Juni 6

Masika yamekwisha, upepo wa kusi umeshaingia, na usiku mtu anatafuta shuka la kujifunika. Huu ndio msimu wangu wa sindano. Kuanzia sasa hadi Septemba mvua ni za kuotea, nguo zinakauka siku hiyohiyo, na mchana mtu anakaa kwenye cherehani bila jasho kudondokea kitambaa. Ukingoja Desemba ndipo uanze kushona blanketi hapa Dar es Salaam, joto litakutoa chumbani kabla hujamaliza upande mmoja.

Mradi wa mwaka huu una kazi tatu zinazokwenda pamoja. Kuna blanketi la viraka la kitanda cha tano kwa sita, litakalotokana na khanga za bibi zilizolala kwenye sanduku la shangazi tangu bibi afariki. Kuna zawadi: wifi yangu amejifungua, mpwa wangu ana kichen pati mwezi wa nane, na majirani wamenitendea mema mengi mwaka huu. Halafu kuna bustani ya viroba uani.

Nimeanza na sanduku kwa sababu ndilo lenye mjadala. Shangazi alilivusha mwenyewe kwa pantoni, akalitua barazani, akaketi kabla hata ya kunywa maji. "Mwanangu, nguo ya marehemu haikatwi hivihivi."

"Kweli, shangazi. Basi tuzifungue kwanza tuone zilivyo, halafu wewe ndiye utakayesema."

Tukaitoa ya juu. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na kila palipopita mkunjo pamejichora mstari wa rangi ya chai. Yeye akashika huku, mimi nikashika kule, tukavuta kidogo tu, vile watu wawili wanavyonyoosha shuka lililotoka kwenye kamba. Ikachanika palepale kwenye mstari, mchaniko wa urefu wa kiganja, nyuzi zikabaki zinaning'inia. Hakuna nondo wala panya aliyeigusa. Pamba ikikaa miaka imekunjwa mahali palepale, bila kufuliwa wala kupigwa upepo, nyuzi za kwenye mkunjo zinachoka, na unyevu wetu wa pwani unamalizia. Shangazi aliupitisha mchaniko ule kidoleni mara kadhaa bila kusema kitu.

Hapo ndipo nilipomwambia ninachoamini. Khanga tunazozifungia kwa heshima tunazipoteza. Ya bibi aliyokuwa akiivaa kila siku, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini, bado ni nzima na iko kitandani kwa mama. Zinazokufa ni hizi alizoziweka akiba.

Tulikubaliana shangazi achambue mwenyewe mafungu matatu: za kukatwa, za kugawiwa nzima kwa mabinti, na zisizoguswa. Khanga ya kisutu, yenye wekundu, weusi na weupe wake wa harusi, aliiweka fungu la mwisho kabla sijauliza, na nilifurahi. Hata mimi nisingeikata.

Juni 9

Kufua kabla ya kukata. Hili silikwepi hata kitambaa kiwe cha zamani namna gani. Khanga mpya ina wanga na inasinyaa ikiguswa na maji ya kwanza. Ya zamani imeshamaliza kusinyaa, lakini nyekundu na nyeusi bado zinaweza kuchuja.

Kila khanga nimeilowanisha pembe moja, nikaweka kitambaa cheupe juu yake, nikapiga pasi ya moto. Rangi ikihamia kwenye cheupe, hiyo inakwenda kwenye beseni lake peke yake. Wengi wanaloweka kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike. Mimi nafua na kusuuza tena na tena mpaka maji ya mwisho yatoke meupe. Rangi iliyolegea lazima itoke, na heri itokee kwenye beseni kuliko juu ya blanketi lililokwisha shonwa. Kukausha ni kivulini, upande wa ndani ukiwa nje, maana jua la hapa linapausha nguo kwa siku chache tu.

Nilipozianika ndipo nilipoziona vizuri. Mbili zina chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla, ya Mombasa, zile ambazo bibi zetu waliitafuta chapa kwanza ndipo wakauliza bei. Moja ni ya Urafiki, kiwanda cha pale Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Hii ya Urafiki nyuzi zake zimekaza, ni nzito kidogo mkononi, na mikunjo yake haikuoza kama ya wenzake.

Juni 14

Leo bustani. Udongo wa hapa kwangu ni mchanga mtupu. Ukimwagia ndoo ya maji, kabla hujarudisha ndoo jikoni pameshakauka. Ndiyo maana napanda kwenye viroba vya kilo 50. Chini kabisa naweka makumbi ya nazi niliyoyaloweka na kuyasuuza, kwa sababu yanashika maji. Juu yake unakuja mchanganyiko: ndoo mbili za udongo mweusi, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi ya kuku nimeiacha kwenye rundo, imefunikwa. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi, nayo ina wiki nyingi bado za kupoa.

Katikati ya kiroba nasimamisha kopo lililokatwa kitako, nalijaza kokoto, najaza udongo pembeni yake, halafu nalivuta kopo juu na kujaza tena, hadi kokoto zifike mdomoni. Hapo umepata nguzo ya kokoto katikati ya kiroba. Maji yakimwagwa pale yanashuka hadi chini na kusambaa pembeni. Bila nguzo hiyo mimea ya juu inashiba na ya chini inakauka. Pembeni mwa kiroba natoboa matundu ya kupitisha miche.

Nimepanda mchicha, matembele kwa kuchomeka vipande vya marando, bamia ambazo mbegu zake zililala kwenye maji usiku kucha, nyanya viroba viwili, pilipili mbuzi, na mchaichai kwenye beseni lililopasuka. Miche naimwagilia maji ya bomba tu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na mche mchanga unaonyesha mapema, kingo za majani zinageuka kahawia kama zimepitiwa na moto. Mimea ikikomaa nachanganya nusu kwa nusu.

Juni 21

Kukata.

Khanga ina upana wa sentimita 110 hivi na urefu wa 150. Naanza kwa kutoa pindo pande zote nne, naziviringisha na kuziweka kando, kwa kuwa pindo ndizo zitakazotoa kanda za ukingo na mikono ya mikoba. Kisha natoa jina, ukanda mzima wenye maandishi, mwanzo hadi mwisho. Jina silikati katikati. Bibi hakununua khanga kwa rangi peke yake. Alisoma kwanza, na aliyoyachagua yana sababu zake. Kinachobaki ni mji, na mji wa khanga nzima unanipa vipande 24 vya sentimita 17 kwa 17. Sentimita moja kila upande inaingia kwenye mshono, kipande kinabaki cha 15. Kwa kitanda cha tano kwa sita nahitaji vipande 12 kwenda upana na 14 kwenda urefu, jumla 168, na blanketi linafika sentimita 180 kwa 210, linaning'inia kidogo pande zote.

Zenye mikunjo iliyooza hazikutoa 24. Kila kipande nakipeleka dirishani, nakitazama dhidi ya mwanga, kisha nakivuta kwa vidole gumba viwili. Nyuzi zikiachana, kinatoka. Khanga moja nzuri sana, ya korosho za bluu, ilitoa vipande sita tu. Vilivyobaki vimekwenda kwenye fungu la kujaza mito.

Kielelezo nimekikata kutoka kwenye jalada gumu la kalenda ya zamani, naweka juu ya kitambaa, nachora kwa chaki, nakata kitambaa kimoja kimoja. Kukata vitambaa vinne kwa pamoja kunaokoa muda, lakini khanga ni laini na cha chini kinahama, ndipo kona zinakataa kukutana.

Juni 27

Vipande vyote vimepangwa mkekani sebuleni na hakuna anayepita. Nimevipanga kwa umri badala ya rangi: za zamani zaidi katikati, mpya kwenda nje. Zile zilizopauka zikikaa pamoja zinatulia na kupatana. Ukichanganya iliyopauka na mpya inayong'aa, ya zamani inaonekana chakavu tu.

Julai 7

Sabasaba. Tumekwenda viwanjani Barabara ya Kilwa na watoto, tumetembea mpaka miguu imeuma. Nilitafuta uzi. Nimepata wa polyester, koni kubwa, rangi ya krimu, unaoelewana na karibu rangi zote za khanga. Uzi wa pamba unapendeza, ila kwa kitu kitakachofuliwa kila wiki na kuanikwa juani sitaki uzi utakaokatika kabla ya kitambaa.

Julai 12

Arobaini ya mtoto wa wifi inakaribia, kwa hiyo blanketi kubwa limesimama kidogo. Nimeshona dogo, sentimita 90 kwa 90, la kumfunika mtoto mgongoni au kumlazia mkekani. Limetoka kwenye ile khanga ya bibi ya kuvaliwa kila siku, iliyo kitandani kwa mama. Nilimwomba ukanda mmoja tu, naye akanipa upande mzima wa doti bila kusita. Kitambaa kilichofuliwa miaka hakina ukakasi hata kidogo. Hakuna cha dukani kinachokifikia kwa ngozi ya mtoto mchanga.

Sikuweka kifungo, lesi wala shanga. Kitu chochote kinachoweza kung'oka kinaishia mdomoni mwa mtoto. Mishono yote imefichwa: nashona kwanza kwa nje, napunguza kingo, nageuza, nashona tena kwa ndani, na ncha zote za nyuzi zinabaki zimefungiwa humo. Inachukua muda mara mbili, lakini vidole vya mtoto havitanaswa na uzi.

Usiku nyuzijoto zinashuka hadi 19 au 20. Kwa watu wa bara si baridi. Kwa mtoto wa Kigamboni inatosha kumfunika.

Julai 18

Mchicha tumeukata kwa mara ya kwanza, kwa kisu, nikiacha vidole viwili vya shina ili uchipue tena. Nusu tumekula na nazi, nusu imekwenda kwa jirani wa mkono wa kulia, yule aliyenichungia mtoto nilipokuwa Kariakoo. Matembele yamefunika kiroba chote hadi hakionekani.

Nyanya zina kantangaze. Nilitazama majani asubuhi nikaona madoa mapana, meupe, ngozi ya jani imebaki juu na chini lakini katikati kumeliwa. Ukiliweka jani juani unamwona kiwavi mwenyewe, mdogo, wa kijani, anatembea ndani ya jani. Huyu ni mdudu mwenye asili ya Amerika Kusini, na hapa kwetu wakulima wamemjua vizuri katika miaka hii kumi na zaidi. Ubaya wake ni kwamba anakula akiwa ndani. Unapuliza dawa juu ya jani, yeye yuko katikati amejifunika. Halafu anahamia kwenye tunda.

Nimechuma kila jani lenye doa, nikalichoma moto, sikulitupa kwenye rundo la mbolea. Nimetwanga majani ya mwarobaini, yamelala kwenye maji usiku kucha, nimechuja kwa kipande cha khanga, nimetia kijiko cha sabuni ya maji ili ishike jani, na nanyunyiza jioni, jua likishazama, kwa sababu jua linaiua nguvu dawa hii. Inawasaidia wale wanaoanguliwa sasa kabla hawajaingia ndani ya jani. Waliokwisha kuingia haiwafikii. Kwa vidukari kwenye bamia inafanya kazi vizuri sana, nao wameshapungua.

Kiroba kimoja cha nyanya nimeking'oa chote ili kuokoa kingine, na mahali pake nimeweka bamia, maana kantangaze anafuata nyanya na ndugu zake, na bamia si ndugu yao.

Julai 26

Mikoba ya soko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, mkoba wa kitambaa ndio zawadi inayotumika kuliko zote ninazoshona. Majirani wote wanapata mwaka huu.

Kitambaa cha nje ni kitenge, kwa sababu khanga peke yake haibebi viazi. Vipande vya kitenge naviomba kwa fundi wa mtaani, anavikusanya kwenye salfeti chini ya meza yake na huwa anafurahi vikiondoka. Bitana ndiyo khanga. Mkoba una upana wa sentimita 40 na kina cha 38, na kitako chake ni cha mraba: ukimaliza kushona pande mbili na chini, unabana kona hadi mshono wa chini ukutane na mshono wa ubavuni, unapima sentimita 6 kutoka kwenye ncha, unashona kukatisha, unakata kinachozidi. Hapo mkoba unasimama wenyewe juu ya meza ya muuza nyanya.

Penye uzito ni kwenye mikono. Mkono umetoka kwenye pindo, umekunjwa mara nne, na ndani kuna gamu ngumu, kile kitambaa cha kukazia. Naushusha ndani ya mkoba sentimita 5, nashona mraba, kisha msalaba ndani ya mraba, narudia mara mbili. Sindano namba 14, maana 11 inapinda kwenye tabaka hizo zote. Jaribio langu ni kuweka kilo tano za mchele ndani, kuutundika kwenye kitasa cha mlango na kuuacha hadi kesho yake. Yote imeshika.

Agosti 3

Kichen pati ya mpwa wangu ilikuwa jana Temeke. Sare ilikuwa kitenge cha kijani na dhahabu, somo alisema ya kusema, na mimi nilipeleka seti ya jikoni: aproni, vishikio vinne vya sufuria, na vitambaa viwili vya kufunikia mkate.

Maneno ya khanga ndiyo yaliyonichukua muda kuliko ushonaji. Khanga inasema, na anayepewa anasoma kabla ya kugusa. Kwenye sanduku la bibi kulikuwa na "Hasidi hana sababu", kitambaa kizuri mno, chekundu cha damu ya mzee. Huwezi kumvalisha bi harusi maneno hayo kifuani akaingia nayo jikoni kwa mama mkwe. Watu watauliza hasidi ni nani. Nilichagua "Wema hauozi". Ukanda wa jina nimeuweka kwenye mfuko wa mbele wa aproni, ukikaa sawa katikati, na mji wa khanga ukashuka chini yake. Mashangazi waliokuwa mstari wa mbele walisoma kwa sauti, kisha wakapiga vigelegele.

Vishikio vya sufuria vina tabaka nne za taulo kuukuu ndani. Siweki sponji wala kitambaa cha nailoni mahali panapokutana na moto, kwa kuwa vinayeyuka na kuganda mkononi. Pamba tupu, ndani na nje.

Shangazi alinivuta pembeni wakati wa chakula. Ameulizwa na watu watatu aproni ile imeshonwa wapi, akawaambia kitambaa ni cha mama yake mzazi. Alilisema kwa furaha, na sijasikia tena habari ya nguo za marehemu kutokatwa.

Agosti 8

Nanenane. Bamia za kwanza. Zimechumwa zikiwa za urefu wa kidole. Zikizidi hapo zinakuwa kamba. Mbili nzuri kuliko zote nimeziacha mtini zikauke kwa mbegu.

Agosti 17

Upande wa juu wa blanketi umekamilika, mistari 14, kona zote zinakutana. Kila mshono nimeupiga pasi kuelekea upande mmoja, mstari huu kulia, unaofuata kushoto, ili mishono ikikutana isipandane na kufanya kinundu.

Sasa suala la katikati. Nimefikiria sufi, kwa sababu bibi alilalia mto wa sufi maisha yake yote, lakini sufi inahama, na usiposhona karibukaribu sana yote inajikusanya pembeni. Sponji ni joto. Nimeamua mashuka mawili ya pamba yaliyochakaa, yaliyounganishwa yakawa moja. Kwa hali ya hewa yetu hayo yanatosha na yanakauka upesi.

Kwa upande wa chini nilikuwa na bafta nyeupe, nzuri, ya bei nafuu. Shangazi aliitazama akatikisa kichwa: "Hiyo kazi yake tunaijua, mwanangu. Usimlaze nayo mtu mzima wa afya." Niliirudisha kabatini bila ubishi. Chini tumeweka kitenge cha bluu iliyoiva, na juu yake nimeshonea zile kanda za majina, moja chini ya nyingine, kuanzia kichwani hadi miguuni. Atakayegeuza blanketi atasoma bibi alikuwa akisema nini kwa miaka yote ile.

Kwa pembe nimefuata kazi ya Wasidi wa Karnataka kule India. Ni watu wenye asili ya Afrika Mashariki, na wanawake wao wanashona mablanketi ya nguo kuukuu yanayoitwa kawandi. Wanaanza pembezoni na kuzunguka kuelekea katikati, kwa mkono, mishono ya bandi, sindano ikipita juu na chini, inayoonekana wazi, na kwenye pembe nne wanaweka vipande vilivyokunjwa vya pembetatu viitwavyo phula. Bila phula kazi yao haihesabiwi kuwa imekamilika. Nilipoona picha za kawandi kwa mara ya kwanza nilikaa nazo muda mrefu. Bahari ileile, nguo zilezile za kuvaliwa, mikono ileile. Blanketi letu limeunganishwa kwa cherehani na vipande vyake ni mraba, si kawandi, lakini pembe zake nne zina phula, na mishono ya kulishikiza itaanzia ukingoni.

Tabaka tatu zimetandazwa barazani, zimevutwa zikanyooka, na nimepiga bandi ndefu za uzi mweupe kila baada ya kiganja, urefu na upana. Hizo zitafumuliwa mwishoni. Pini peke yake hazitoshi kwa kazi itakayokunjwa na kukunjuliwa kila jioni.

Agosti 31

Tunashona kwa mkono. Cherehani yangu, Singer ya miguu, ingeweza, lakini kitu cha ukubwa huu kinajikunja chini ya mkono wake na kuvuta vibaya. Halafu kwa mkono watu wanne wanakaa pamoja.

Jioni baada ya alasiri mkeka unatandikwa, shangazi upande wake, mama upande wake, jirani wa kulia, na mimi. Mishono ya shangazi ni midogo, imenyooka, unaweza kuipima kwa rula. Ya mama ni mirefu na imelala kidogo kulia. Ya jirani inabadilika kulingana na anachosimulia. Sijamwambia yeyote arekebishe, na sitamwambia. Ukiliangalia blanketi kwa karibu unajua nani alikaa wapi.

Nilitarajia kazi ichukue jioni chache tu, lakini inakwenda polepole kwa sababu kila kipande kina habari. Shangazi akifika kwenye kipande anasimamisha sindano. Hii bibi aliipewa na mume wake walipohamia Temeke. Hii alijifunga siku ya kumzika mdogo wake na hakuivaa tena. Ile ya korosho za bluu, iliyobaki vipande sita, alinunua kwa pesa zake za kwanza za kuuza maandazi, Mtaa wa Uhuru, akarudi nayo kwa miguu kwa kuwa hakubakiza nauli. Mama ni mkwe wa bibi na hakuwa anazijua hata nusu. Zilipokuwa sandukuni hakuna aliyeulizwa habari zake.

Binti yangu anaandika kwenye daftari, namba ya mstari na namba ya kipande. Daftari litakaa pamoja na blanketi.

Septemba 7

Vifuko. Majani ya mwarobaini niliyachuma wiki iliyopita, yamekaukia kivulini, yanavunjika mkononi. Nachanganya na karafuu nzima, nazifunga kwenye vifuko vya khanga vya ukubwa wa kiganja, mdomo umekazwa kwa utepe. Kimoja katika kila kabati au sanduku la nguo, kinafukuza wadudu. Kinabadilishwa harufu ikiisha. Kila binti aliyegawiwa khanga nzima anapata kifuko pamoja na maneno yangu: toa, vaa, fua, anika, badilisha mkunjo. Kifuko kinazuia nondo, hakizuii mkunjo kuoza.

Mchaichai nao umekatwa, umekaushwa na kukatwakatwa, umetiwa kwenye vifuko vya namna hiyohiyo lakini vya bitana nyeupe, kwa ajili ya chai. Hivyo ni vya majirani, vinaingia ndani ya mikoba yao ya soko.

Septemba 14

Ukingo umemalizika. Pindo za khanga nne zimeunganishwa zikawa kanda moja ndefu, imezunguka blanketi lote. Kwenye kona nimeikunja ikalala nyuzi 45 kabla ya kugeuza, ndipo phula zikachomoza vizuri. Bandi zote zimefumuliwa. Limefuliwa mara moja kwa maji baridi, limeanikwa kivulini juu ya kamba mbili ili uzito usivute upande mmoja, na halikuchuja hata tone.

Anakwenda nalo shangazi. Tulilizungumza na mama na hakuna aliyekuwa na neno lingine, kwa kuwa sanduku lilikuwa kwake na yeye ndiye aliyezilinda khanga hizo miaka yote. Alipolikunja nikamuona anatafuta sanduku kwa macho.

"Shangazi, sharti moja. Litandikwe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Lichakae likiwa kitandani. Likitoboka niletee, nina viraka."

Nina viraka kweli: vipande 22 vizima, vya umri mmoja na vya blanketi, nimevifunga pamoja na kuviandika. Vikipungua kuna fungu la pindo. Wifi ameomba mkoba mkubwa wa kubebea nepi, hiyo ni kazi ya wiki ijayo. Samadi ya kuku imeshapoa na inanukia udongo, kwa hiyo viroba vya bamia vitapinduliwa mwisho wa mwezi, vichanganywe upya na kupandwa mchicha na figiri kabla vuli haijashuka Oktoba. Mbegu za bamia ziko kwenye chupa kavu, nimeziandika mwaka.